Mlima Ndani ya Sinema

Watu wanaoingia kwenye vituo vyetu vya michezo siku hizi, vyote tisa, hudhani tulianza na mtaji mnene au tulikuwa na mjomba serikalini. Mjomba tuliyekuwa naye alikuwa anauza betri za saa. Tulichokuwa nacho ni cherehani tatu za kushonea turubai, baba aliyekuwa fundi wa kusuka mota, na shangazi mwenye filimbi.

Mama yangu alikuwa anashona maturubai ya malori. Barabara kuu yote ilimjua. Dereva akifunika mzigo kwa turubai lake, mvua inyeshe wiki nzima, saruji ilifika kavu. Kila mshono aliupitisha mara mbili, akaupaka gundi, kisha akaumwagia ndoo ya maji na kuukodolea macho. Likipenya tone moja tu, alifumua na kuanza upya. Alisema mshono unaovuja ni uongo uliovaa uzi.

Sasa, Jumatano moja likasimama gari dogo la mizigo mbele ya kibanda chake. Mtu mfupi akashuka, akaanza kuburuta furushi lililomzidi kimo. Ndani ya furushi hilo mlikuwa na jumba la hewa, yale majumba ya turubai laini yanayopulizwa kwa feni ili watoto waruke humo. Yeye alikuwa akilikodisha kwenye sherehe. Lilikuwa na umbo la tembo, na tembo mwenyewe alikuwa amechanika kutoka sikioni hadi pajani.

"Fundi, nalitaka Jumamosi."

"Lina kazi gani hili?" Mama aliuliza.

"Kurukiwa."

"Linarukiwa na nani?"

"Watoto."

Mama akamtazama kama mtu anayengoja utani ufike mwisho. Haukufika. Akalipokea.

Alilikagua siku nzima, na kadiri alivyokagua ndivyo alivyozidi kununa. Mishono yote ilikuwa inapitisha hewa! Kila tundu la sindano lilikuwa wazi. "Aliyeshona hiki kitu alikuwa mlevi," akasema. Basi hakuishia kwenye ule mchaniko. Alipitia mishono yote ya tembo yule, ndani na nje, mara mbili, na gundi juu yake. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili wakati huo, nimemaliza chuo cha uchoraji wa majengo, sina kazi, kwa hiyo nilikuwa msaidizi wake wa kushika ncha ya pili.

Ijumaa mchana Baba akaunganisha feni uani ili tujaribu. Tembo akavimba, akanyanyuka, akasimama wima na mkonga wake. Tukapiga makofi. Lakini tembo hakuacha kuvimba. Akawa mgumu kama ukuta. Kaka yangu, ambaye tunamwita Profesa kwa sababu hawezi kuona vitu viwili bila kuvijumlisha, akajitosa juu yake akidhani atadunda. Akateleza na kuangukia mgongo. Kabla hatujamaliza kumcheka, mkonga ukapasuka kwa mlio kama wa tairi la lori.

Baba ni mtu wa maneno machache. Siku nyingine hupita na sentensi mbili. Akaizima feni, akasema, "Mke wangu, hii feni haizimwi watu wakiwa ndani. Hewa inaingia muda wote. Usipoiachia pa kutokea, itajitafutia yenyewe."

Mama akashika tama. Kisha akachukua kiwembe cha kufumulia, akaanza kufumua alichokishona, mshono kwa mshono, bila kununa tena. Nilimsikia akijisemea, "Kumbe inapumua. Kumbe ndivyo ilivyo, inapumua."

Ule mlipuko ulikuwa umewaleta watoto wa mitaa mitatu. Jumamosi asubuhi tulipompuliza tembo kwa mara ya pili, laini safari hii, anayumba kidogo kama amelewa, uani kulikuwa na watoto si chini ya sitini. Ilikuwa vurugu mechi. Hapo ndipo alipotokea Shangazi, dada yake Baba. Alikuwa amestaafu ualimu wa michezo mwaka mmoja kabla, na nyumbani alikuwa anaumwa kwa kukosa watu wa kuwaamrisha.

Filimbi ikalia.

"Wafupi huku! Warefu huku! Viatu nje! Wewe mwenye kamasi, futa kwanza!"

Ndani ya dakika tano palikuwa na mistari miwili iliyonyooka kama rula. Kumi wakaingia, wakaruka hadi filimbi, wakatoka, wakaingia kumi wengine. Na vicheko! Sijui nikueleze vipi. Mama alikuwa amezoea kazi ambayo shukrani yake ni dereva kusema "halikuvuja." Sasa alisimama mlangoni mwa kibanda, mikono kifuani, anawasikiliza watoto wakipiga mayowe ya furaha juu ya mishono yake.

Mwenye tembo alipokuja kuchukua mali yake, hakuipata wazi. Alikaa kwenye tofali saa nzima akitazama. Mwisho akamwambia Mama, "Fundi, mimi nambeba huyu mnyama kutafuta watu. Miaka minne mgongo unaniuma. Wewe umemsimamisha uani, watu wamemfuata wenyewe." Wakakubaliana palepale: yeye akachukua maturubai mapya ya magari yake mawili, tembo akabaki kwetu.

Mwaka uliofuata Mama alishona mengine matatu kwa mikono yake. Mimi nilichora, yeye alikata, Baba alitengeneza feni kwa mota alizosuka mwenyewe. Tuliyaweka kwenye kiwanja cha jirani, tukazungusha uzio. Lakini kilichotufanya tuwe tulivyo si majumba yale. Ni mama mmoja wa mapacha.

Alikuwa amewaleta wanawe, amesimama kando ya uzio, pochi begani, anawatazama. Akamsogelea Shangazi, akamnong'oneza jambo. Shangazi akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Haiwezekani, dada yangu. Hii ni ya watoto."

Mama akasikia kutoka kibandani. "Wifi, anataka nini huyo?"

"Eti anataka kuruka!"

"Turubai langu linashikilia tani thelathini za saruji," Mama akasema. "Leo lishindwe na mama wa watoto wawili?"

Yule mama akavua viatu. Aliruka kwanza kwa adabu, anashika gauni. Kisha akasahau. Mapacha wakamrukia, wote watatu wakaanguka chini wakicheka hadi machozi, na watu waliokuwa nje ya uzio wakawa wanaulizana zamu yao ni lini. Kuanzia hapo wakubwa waliingia na watoto wao. Profesa, kwa tabia yake ya kuhesabu, akagundua kwamba mzazi akibaki nje familia hukaa nusu saa, lakini akiingia hukaa mchana kutwa, na wiki inayofuata huja na dada yake.

Tatizo letu likawa mvua. Kiwanja kikigeuka tope, tulifunga. Tulihitaji paa, na paa refu.

Mjini kulikuwa na sinema iliyofungwa miaka sita. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mwembamba, bado anatembea na funguo zote za jengo kwenye pete kiunoni. Alitufungulia mimi na Mama. Harufu ya vumbi na mbao za zamani, viti vyekundu vimetoka sponji, na mbele kabisa pazia jeupe lenye kiraka.

"Wengi wamekuja," mzee akasema. "Wa kuweka ghala, wa kuweka duka. Wakiona sakafu wanaondoka. Imelala mteremko, mnaona? Kila mtu ananiambia nijaze zege kwanza."

Mama akaiangalia sakafu. Alitoa kigurudumu cha uzi mfukoni, akakiweka chini mlangoni, akakiachia. Kikaanza kubiringika polepole, kikapita katikati ya viti, kikaongeza mwendo, na Mama akakifuata nyuma akitabasamu, hadi kikagonga ukuta chini ya pazia.

"Tunachukua," akasema.

"Mama," nikamnong'oneza, "hatujauliza hata masharti."

"Uliza basi."

Mzee akataka sehemu ya mapato ya mlangoni, na pazia lake lisiondolewe. Hayo tu.

Usiku ule nilishindwa kulala kwa mawazo ya ukumbi ule. Sinema ilikuwa na roshani juu, ile ya viti vya bei kubwa. Nikachora mteremko wa hewa unaoanzia roshani, unashuka juu ya sakafu ile iliyoinama, mita ishirini na sita, hadi miguuni mwa pazia. Mtu anapanda ngazi za sinema kama anakwenda kutazama picha, halafu anajitupa. Nilipomwonyesha Mama mchoro asubuhi, aliuangalia muda mrefu, akageuza karatasi, akaigeuza tena.

"Huu si mteremko," akasema. "Huu ni mlima."

Tuliushona miezi minne. Nikaupamba kwa kuta ndefu za hewa pande zote mbili, juu hadi chini, rangi ya machungwa, bila pengo hata moja, mawimbi kwa mawimbi. Nilijivunia kuta zile kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora. Tukabandika matangazo mji mzima: ufunguzi Jumamosi, saa kumi jioni.

Mkaguzi wa majengo tulikuwa tumemwomba wiki tano. Akaja Jumamosi yenyewe, saa mbili asubuhi. Mtu mrefu, mpole, faili kwapani na saa ya kupimia mbio shingoni. Aliukagua ukumbi wote bila haraka, milango, nyaya za Baba, ngazi. Akafika kwenye mlima, ukiwa umesimama na fahari yake yote, akauzunguka.

"Umeme ukikatika watu wakiwa juu, wanatokaje?"

"Wanateremka chini," nikajibu.

"Wote?"

"Wote."

"Nionyesheni. Watu hamsini, dakika mbili."

Hamsini utawatoa wapi saa mbili asubuhi? Lakini nyuma ya sinema ilikuwa stendi ya malori, na Mama alikuwa amewafunikia wote pale mizigo yao. Alitoka, akarudi na madereva, utingo, mama wa kibanda cha chai na mwanafunzi mmoja wa udereva. Wengine walikuwa na vitambi vya miaka ishirini ya usukani. Wakavua viatu wakitaniana, wakapanda roshani, wakajipanga juu ya mlima kutoka kileleni hadi chini. Baba akazima feni.

Mlima ukashusha pumzi. Waliokuwa chini wakatoka mbio. Lakini kuta zangu nzuri zikaanza kuinamia ndani, na waliokuwa juu wakateleza wakawaangukia waliokuwa katikati, na katikati pale pakafungana fundo la watu, miguu na viwiko, dereva mmoja anapiga kelele, "Jamani, huo ni mguu wangu, usiuvute!" Walikuwa wanacheka, hakuna aliyeumia. Mkaguzi hakucheka. Alingoja hadi wa mwisho alipotambaa nje, akabonyeza saa.

"Dakika nne na sekunde kumi na moja. Na hawa ni watu wazima wenye nguvu. Watoto wangekaa chini na kulia." Akafunga faili. "Wa katikati hawana pa kutokea. Sina ubaya na nyinyi, ila mhuri sigongi."

Aliyechora kuta zisizo na mlango ni mimi.

"Tukirekebisha leo," Mama akamwambia, "utarudi?"

"Leo? Mama yangu, hii ni kazi ya wiki mbili."

"Sikukuuliza ni kazi ya muda gani. Nimekuuliza kama utarudi."

Mkaguzi akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Saa tisa nitapita hapa nikielekea nyumbani."

Alipotoka nikamwambia Mama, "Kosa ni langu. Mchoro ni wangu."

"Na mkasi ni wangu," akasema. "Kaulete."

Inabidi uelewe: Mama hakuwahi maishani mwake kutia mkasi kwenye kazi iliyokwisha. Kufumua, ndiyo. Kukata, hapana. Na ukuta wa hewa si shuka. Ni kama mto mrefu wa kulalia. Ukikata mlango katikati yake unabaki na midomo miwili wazi, na kila mdomo lazima uzibwe kwa kitambaa kipya, la sivyo feni inapuliza hewa ya bure. Tulihitaji milango sita, mitatu kila upande. Midomo kumi na miwili, na saa sita mkononi.

Profesa akapima kwa chaki, akapishanisha milango ya kushoto na ya kulia ili watu wasivamiane. Mama akapiga magoti kwenye alama ya kwanza. Mkasi ukabaki hewani.

"Wifi," Shangazi akasema taratibu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, "fumba macho ukate."

"Nikifumba macho nitakata kidole. Nyamaza."

Akakata.

Baada ya hapo hakuna aliyepata muda wa kuhuzunika. Dereva mmoja akaleta cherehani zetu kwa lori lake, tukazipanga chini ya pazia la sinema. Mama kwenye ya kwanza, mimi kwenye ya pili, Baba, ambaye hatukujua kama anajua kushona, akakaa kwenye ya tatu na kushona mstari ulionyooka kuliko wangu. "Nimekutazama miaka ishirini na tano," akamwambia Mama. Hiyo ikawa sentensi yake ya siku.

Na wale madereva hawakuondoka! Turubai la mlima ni zito. Hulisukumi peke yako chini ya sindano. Wakajipanga wanane wanane, wanalibeba mabegani na kulisogeza Mama akisema "twende," na kusimama akisema "basi." Utingo wote wanajua kutia kiraka kwa sindano ya mkono, wamefanya hivyo njiani maisha yao yote. Tukawapa mapazia ya milango na mkanda wa kunata, ili kila mlango ujifunike kwa pazia la turubai ambalo ukilisukuma linaachia. Shangazi akawa anapita katikati yetu na filimbi mdomoni, anatangaza: "Mdomo wa nne umezibwa! Mdomo wa tano uko nyuma! Nani analegea kwenye wa tano?"

"Ni mimi, mwalimu," akajibu dereva wa kitambi.

"Kaza mikono, baba! Hapa si kwenye foleni ya mafuta!"

Saa tisa kasoro dakika ishirini Baba akawasha feni. Mlima ukaanza kunyanyuka, kwanza miguu, kisha kiuno, kisha ukafika roshani na kuegemea kingo zake kama mtu aliyefika nyumbani. Mdomo mmoja ukawa unapiga mluzi. Nikaruka na sindano. Mama akanishika mkono, akatega sikio.

"Uache. Upumue."

Nje kulikuwa na kelele. Nilichungulia kwenye dirisha la tiketi: foleni ilikuwa imezunguka jengo. Akina baba wamebeba watoto shingoni, bibi mmoja amekuja na kiti chake. Saa moja nzima kabla ya wakati!

Mkaguzi akaingia saa tisa na dakika tano. Aliangalia milango, akaangalia nyuzi zilizotapakaa sakafuni, akatuangalia sisi na vidole vyetu vyenye plasta. Hamsini wakapanda. Feni zikazimwa.

Shangazi akapuliza filimbi, na mlima ukatapika watu! Wa juu wakashuka hadi mlango wa kwanza, wa katikati wakajitupa kushoto na kulia, mapazia yanafunguka *traa, traa*, wa chini wakakimbilia kwenye pazia jeupe la sinema. Dereva wa kitambi alitoka kwenye mlango aliosaidia kuushona mwenyewe, amenyoosha mikono juu kama mshindi wa mbio.

Mkaguzi akabonyeza saa. Akaitazama. Akaitazama tena.

"Rudieni."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Kwa sababu siamini."

Wakarudia. Mara ya kwanza ilikuwa dakika moja na sekunde thelathini na nane. Mara ya pili, dakika moja na thelathini na moja. Mkaguzi akaweka faili juu ya meza ya cherehani, akasukuma kando mabaki ya turubai, akagonga mhuri. Ukumbi wote ukalipuka. Shangazi akamkumbatia mkaguzi, faili na yote. Mama akakaa chini palepale sakafuni, akavua kastabini kidoleni, akacheka peke yake.

Saa kumi kamili mzee wa sinema akafungua milango kwa funguo zake. Familia ya kwanza walikuwa wanne: baba, mama, msichana wa kama miaka saba na mdogo wake. Wakasimama kwenye ukingo wa roshani wameshikana mikono, wanatazama chini kule kwenye pazia jeupe, mbali. Baba mtu akasema, "Mh, hapana." Binti yake akamvuta. Wakashuka wote kwa mkupuo mmoja, na yowe lao lilianza kwa hofu likaishia kwa kicheko, na kabla hawajafika chini walikuwa wameshaanza kuulizana nani atatangulia kwenye ngazi.

Mzee wa sinema alisimama chini ya pazia lake, ameligeuzia mgongo, anawatazama watu.

"Ukumbi huu," akaniambia, "haujawahi kupiga kelele hivi hata siku mkanda ulipokatika."

Tangu hapo mambo yalikwenda kasi. Mwenye jengo lililokuwa kiwanda cha barafu alituita mji wa pili, mimi ndiye niliyetumwa kukianzisha kituo cha tatu. Cha nne tulikiweka karibu na soko la jumla, na hapo tuliangukia pua. Watu walikuwa wengi mno, lakini kila mmoja ana haraka zake. Mwanamke muuza vitunguu hana muda wa kuruka. Tulikifunga baada ya miezi minane, tukaukunja mlima wake, tukaupakia kwenye lori. Profesa hakulala vizuri wiki mbili, kwa sababu mahali pale alipachagua yeye. Mama akamwambia, "Mwanangu, mimi nilimpasua tembo kwa kumshona vizuri mno. Chagua pengine." Akachagua karibu na shule na makanisa na misikiti, kule watu wanakotoka wakiwa na mchana mtupu mbele yao. Kikajaa. Vikafuata vingine, na kila mlima tulioshona ulikuwa na milango sita ubavuni. Siku hizi watoto hushuka makusudi kwa milango hiyo.

Tulipofikia vituo saba, ndipo kampuni kubwa ikatukaribia. Wao walikuwa na kumbi kumi na mbili kwenye majengo ya maduka, zenye vigari vya kugongana na mashine za taa na vioo. Mkurugenzi wao alikuja mwenyewe. Alitaka kununua vyote saba, na jina.

"Na karakana ya kushonea?" Mama akauliza.

"Hiyo tutaifunga, mama. Vitu tutaagiza."

Tulipiga kura mezani, kifamilia. Profesa alisema tuuze, na hakusema kwa tamaa: mgongo wa Mama ulikuwa umeanza kulalamika, na alitaka apumzike. Shangazi akasema atauzwa yeye kwanza. Baba akauliza, "Mota zangu zitalala wapi?" tukajua amekataa. Mama akanigeukia mimi.

"Sisi hatuuzi," nikasema. "Ila wao wanachotaka kuagiza, kwa nini wakiagize mbali?"

Nikaenda kwa mkurugenzi na mchoro. Nilimweleza nilichokiona kwenye kumbi zake: watoto wanacheza, wazazi wamekaa kwenye benchi wanaangalia simu, wanasubiri kuondoka. Nikamwambia habari ya yule mama wa mapacha. Akasikiliza, akasema atafikiri. Wiki tatu zikapita kimya kabisa.

Simu ikaja Alhamisi mchana, tuko karakanani wote watano.

"Kumi na mbili," nikasema nilipokata simu. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ngeni.

"Kumi na mbili nini?" Shangazi akauliza.

"Milima. Mmoja kila ukumbi. Na tuwatunzie."

Shangazi akatafuta filimbi shingoni, hakuipata, akapiga kigelegele. Profesa alikuwa ameshashika kalamu. Baba akasimama, akakaa, akasimama tena. Vituo vyetu viwili vya mwisho vilitokana na kazi hiyo, ingawa siku ile hatukujua. Tulichojua ni kwamba wote tunazungumza kwa pamoja na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Mama ndiye peke yake aliyeuliza swali la maana. "Lini?"

"Mwezi wa sita."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, midomo ikicheza.

"Basi nitafutie mafundi kumi," akasema. "Wawe na subira. Kushona nitawafundisha."

Hadi jua linazama nilikuwa nimepata wanne.